Nilivyobishania Neno Dhuluma Kisimani

Darasa la nne sikumaliza, lakini neno dhuluma nalijua kuliko mwalimu. Nimelisikia miaka kumi na moja kwenye machimbo ya Bulyanhulu, kila siku, kwa kila aliyetoka shimoni mikono mitupu. Dhuluma ni kuchukua cha mtu. Basi. Ndivyo nilivyomwambia mjane jirani yangu, getini kwangu.

Dhahabu ilinipa nyumba ya bati jekundu hapa Kishapu, na kisima kirefu chenye pampu ya sola. Hakuna mwenye kama hicho toka hapa hadi mnadani. Kiangazi kile mto ulikauka, watu wakichimba mchangani wanapata tope. Wote niliwaruhusu kunywesha isipokuwa yule mjane. Marehemu mumewe alinifukuza nilipopeleka posa, akasema mbele ya wazee kwamba binti yake haolewi na panya wa mashimoni. Wazee walicheka, na mimi nikacheka nao. Sikusahau.

Mama huyo alikuja na ng'ombe wake sita, mbavu unazihesabu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba. Aliomba kwa upole. Nilipokataa akasema maji hayanyimwi mtu, tangu enzi za mababu, na kwamba hiyo ni dhuluma.

"Mama, nimekunyang'anya nini?" nikamuuliza. "Kisima changu, maji yangu. Kanyweshe kwenye kaburi la mzee."

Wachungaji waliokuwepo wakainamisha vichwa. Mmoja alicheka, kesho yake nikampa zamu ya kwanza.

Alirudi siku tatu mfululizo. Siku ya nne ng'ombe wake wa maziwa alilala nje ya seng'enge yangu, anasikia maji yakimwagika birikani, asiinuke tena. Wakamchinja palepale, wamuwahi kabla hajafa.

Kwetu anayechinja huwagawia majirani. Jioni mama alikuja mwenyewe na paja ndani ya beseni. Alimkabidhi mke wangu, ila macho alinikazia mimi.

"Hili fungu lako, mwanangu. Nisije nikakudhulumu."

Mke wangu akagoma kulipika. Nikawasha jiko mwenyewe, nikala mbele ya watoto, nyama ngumu kama kamba. Nikawakaribisha. Hakuna aliyenyoosha mkono.

Asubuhi wale ng'ombe wake watano waliobaki walikuwa wamesimama getini, hawana mtu. Nikaenda dukani, nikanunua kufuli la pili la geti, maana ufunguo wa lile la kwanza alikuwa nao mke wangu.