Kaye ya Ngalula

Harufu ya plastiki iliyopata moto, imechanganyika na vumbi. Ni hiyo tu. Wiki iliyopita binti yangu alisahau simu yake kwenye chaja juu ya kitanda, na nilipoiokota ilikuwa inachoma mkono, harufu ile ikanipanda puani moja kwa moja. Nikakaa. Binti yangu akanipokonya simu, hana habari na mama yake, akaanza kunionyesha mchezo anaotaka nimnunulie. Chini ya mchezo kulikuwa na maoni ya watu, na nyota tano, nyota tano, nyota tano hadi mwisho.

"Mama, hawa bantu banasema kweli? Ao balibalipa?"

Swali zuri, kama watu wale wanasema kweli au walilipwa. Nilimwambia asubiri, nikaenda kuvuta sanduku la chini ya kitanda. Nanyi mnaonisoma subirini naye, maana habari hii sijapata kumweleza mtu yeyote, hata baba yake.

Tulikaa Makomeno, hapa hapa Lubumbashi, nyumba mbili zilizotengwa na ukuta mfupi ambao tuliuruka mpaka matofali ya juu yakaanguka. Upande wa pili walikaa akina Ngalula. Baba yake alikuwa fundi wa umeme mgodini, mama yake tulimwita Mama Ngalula kama desturi yetu, na mdogo wake Kazadi alikuwa na miaka miwili na kitovu kikubwa kilichotufurahisha sana. Ngalula na mimi tulikuwa na miaka kumi kila mmoja. Na nyumba yao ilikuwa na kitu ambacho mtaa mzima ulikiota usiku: mashine ya michezo ya televisheni. Baba yake aliileta kutoka safari ya kazi Afrika Kusini. Ilikuwa ya kijivu, ina vishikio viwili vya waya, na kaseti unaichomeka kwa juu. Ukicheza saa nzima inapata moto na kutoa ile harufu. Sisi tuliipenda harufu hiyo kama watu wengine wanavyopenda harufu ya maandazi.

Shida ilikuwa kaseti. Zilikuja kutoka upande wa Zambia kupitia Kipushi, zimefichwa kati ya nguo za mitumba, na kijana mmoja tuliyemwita Ya Dodo, yaani kaka Dodo, aliziuza kwenye meza yake kando ya soko. Meza haikuwa na televisheni, kwa hiyo hukuweza kujaribu. Uliangalia picha ya juu, ukasali. Na Ya Dodo alikuwa na neno moja tu kwa wenye malalamiko: "Ikitoka, imetoka!"

Mimi alinipata vizuri. Bibi yangu wa Lukafu alikuwa ameniletea kuku, kuku wangu mwenyewe, mweupe, na nikampeleka kwa Ya Dodo kubadilisha na kaseti yenye picha ya mchezaji mpira mwenye mapaja kama ya ng'ombe. Iliandikwa michezo mia moja na kumi. Weee! Ndani kulikuwa na michezo minne. Wa tano ulikuwa ule wa kwanza, wamembadilisha mtu shati. Mpira haukuwamo hata mmoja, ila chura fulani aliyeruka na kufa, kuruka na kufa. Siku tatu mama aliniuliza kuku yuko wapi, nami nikasema amekwenda kutaga. Siku ya nne kandambili ya mama ikajibu kwa niaba yangu.

Watoto wote walinicheka isipokuwa Ngalula. Yeye alikasirika, na hasira yake haikuwa na kelele. Alichukua kaye mpya, daftari la shule, ile ya mistari yenye jalada la bluu, akaandika juu ya ukurasa wa kwanza jina la kaseti yangu, na chini yake: "Mubaya: iko michezo ine tu. Muzuri: chura."

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Mwenye kaseti aliileta, Ngalula akaicheza mpaka mwisho, hata kama ilimchukua siku nne, na hakuandika neno kabla hajafika mwisho. Ubaya uliandikwa kwanza, kwa sababu alisema mtu akishaona uzuri macho yake yanafungwa. Lazima mtu wa pili naye acheze kabla hukumu haijaandikwa, na mtu huyo wa pili nilikuwa mimi. Basi nilijiona mkubwa! Nilitembea na kalamu sikioni. Ya Dodo alipoona biashara inaharibika alituletea pakiti ya biskuti. Mimi nilitaka tuzikatae kwa heshima. Ngalula alizipokea, akala na Kazadi mpaka makombo, halafu akaandika: "Ya Dodo ametupatia biskuti. Kaseti iko mubaya."

Lakini kilichowafanya watu waiamini kaye ile ni kalamu nyekundu. Ngalula alipokosea, aliita watoto wote uani, akasoma kosa lake kwa sauti, akalipiga mstari mwekundu mbele yetu, ndipo akaandika hukumu mpya. Nakumbuka aliwahi kuilaumu kaseti ya mtoto mmoja wa Kipushi, kumbe ilikuwa na vumbi tu kwenye meno yake ya kuchomekea. Alimngoja mtoto yule wiki mbili mpaka mama yake aliporudi naye sokoni. Ndipo alipolisoma kosa hilo. "Kama hakuna mutu wa kusikia, haiyafutwa," alisema, yaani kosa bado halijafutika.

Watu wazima nao wakaanza kuja. Mtu aliyetaka kununua redio au pasi iliyotumika aliwatuma watoto wake kwetu kuuliza kama tunaijua. Walisema watoto wa ua ule hawasemi bongo, yaani uongo. Nilikua nikisikia maneno hayo, na nikayaamini.

Halafu mji ukaharibika. Sina njia nyingine ya kusema. Mgodini kazi zilisimama, mishahara ikakoma, pesa ikawa karatasi ya kufungia karanga, na umeme ukawa mgeni anayekuja akitaka. Kisha wakubwa wakaanza kusema hadharani kwamba watu wa asili ya jimbo la Kasai, kama akina Ngalula, warudi kwao. Kwao wapi? Ngalula alizaliwa Lubumbashi. Baba yake alizaliwa Lubumbashi. Ngalula alipogombana alitukana kwa Kiswahili chetu. Lakini baba yake alifukuzwa kazi, nyumba ikatakiwa, vijana wakapita wakipiga mawe kwenye mabati, na ikasemekana treni zitawachukua. Baba yangu alisimama mlangoni kwao siku mbili na panga. Wengine wa mtaa walifunga madirisha. Baba alikuwa mtu mwema, naomba mlishike hilo.

Wakaanza kuuza vitu. Vitanda viliondoka, cherehani ikaondoka. Hawakutaka pesa, walitaka unga wa safari, kwa sababu hakuna aliyejua treni itakuja lini wala itafika lini. Kwa mashine na televisheni yake ndogo, Papa Kasereka alikubali kutoa mifuko miwili ya unga. Huyu alikuwa mfanyabiashara wa jumla aliyetoka Kivu ya Kaskazini, mwenye malori mawili, mtu wa kanisa, mtaratibu. Aliitaka kwa ajili ya watoto wake.

Mimi sikuelewa kwamba wanakwenda moja kwa moja. Mama alisema "safari," na safari kwangu ilikuwa Lukafu, unakwenda, unakula mihogo, unarudi. Niliwaza hivi: mashine ikipanda lori la Papa Kasereka, basi imekwisha. Ikibaki kwetu, Ngalula atarudi kuicheza. Hiyo ndiyo akili niliyokuwa nayo, na niliiona ni akili kubwa.

Papa Kasereka alifika saa nne asubuhi. Ngalula na mama yake walikuwa wamekwenda kuchota maji, na mimi nilikuwa nimekaa juu ya ukuta. Umeme haukuwapo tangu juzi yake, kwa hiyo hapakuwa na jinsi ya kuiwasha.

"Mutoto wangu," aliniambia, "weye njo unaichezaka na ule mwenzako. Ile mashine iko muzima?"

Nikamwangalia machoni. Nikasema, "Hapana, Papa. Inakufakufa. Ikipata moto inazimika."

"Kweli?"

"Kweli, Papa."

Akanishukuru! Aliniwekea mkono kichwani, akasema Mungu anibariki, akaenda kuwangoja kivulini. Waliporudi alimwambia Mama Ngalula kwa upole kwamba amesikia mashine imechoka, naye haichukui tena. Hakutaja mtu. Mama Ngalula aliapa, akaita wafu wake wote. Ngalula alikimbia kuileta mashine, akaichomeka ukutani, akaminya ile swichi, akaminya, akaminya, kana kwamba umeme ungemwonea huruma. Mimi nilikuwa palepale juu ya ukuta. Nilikuwa nahesabu sisimizi.

Jioni ile baba yangu, ambaye hakujua lolote, aliwaonea uchungu. Nyumbani tulikuwa na nusu mfuko wa unga uliotoka Lukafu. Akawapa wote, nasi tukalala na chai. Mama Ngalula alimshika baba mikono yote miwili, akamwambia, "Aksanti, ndugu yangu." Mashine na televisheni yake zikaruka ukuta, zikaja kwetu kwa badala ya unga huo. Ngalula mwenyewe ndiye aliyeibeba mashine, na juu yake ameweka kaye na kalamu nyekundu.

"Kaye inafuata mashine," alisema. "Kuran ikirudia, usome ukurasa ya mwisho." Kuran kwetu ni umeme.

Umeme ulirudi baada ya siku tatu, wao wameshahamia kituo cha treni. Niliwasha. Mashine ilicheza asubuhi hadi mchana bila kukohoa, na ile harufu ikajaa chumba, na hakukuwa na mtu wa kushika kishikio cha pili. Ndipo nikafungua ukurasa wa mwisho. Aliuandika kwa ajili ya mnunuzi, kabla Papa Kasereka hajaja, kwa mwandiko wake ule wa kulala:

"Mashine. Mubaya: waya moja iko fupi, na inapata moto, lakini haizimike. Muzuri: haiyakufa hata siku moja. Kama haunisadiki, uliza Solange. Yeye hasemaka bongo."

Solange ni mimi.

Wiki ya tatu mama alinichukua twende kituoni kuwapelekea bukari, ugali wetu, na samaki wakavu. Sitaeleza yote niliyoyaona pale. Watu walikuwa wamelala juu ya mizigo yao, chini ya mifuko ya plastiki, na mvua ilikuwa imenyesha. Ngalula alikuwa amemfunga Kazadi mgongoni. Shingo yake ilikuwa nyembamba, na Kazadi hakucheka nilipomgusa kitovu. Unga ulikwisha wiki ya kwanza, mama yake alimwambia mama yangu. Nilikuwa nimejiandaa kuungama uongo wangu. Njia nzima nilikuwa nayarudia maneno yake moyoni.

"Mashine inatembea?" Ngalula aliniuliza.

"Inatembea."

"Nilisema, ao sikusema?" Akanyamaza kidogo, akiniangalia. "Bantu beko na bongo, Solange."

Nikasema ndiyo. Hilo ndilo neno nililosema, "ndiyo," kisha nikaangalia chini. Mpaka leo sijui kama alikuwa anajua. Usiku mwingine najiambia hakujua. Usiku mwingine namwona akininyamazia vile, akinipa nafasi.

Treni iliwachukua siku nane baadaye. Habari ilitufikia baada ya miezi, kwa mdomo wa mfanyakazi wa treni aliyefahamiana na baba. Walifika. Kazadi hakufika. Walimzika kando ya reli, mahali ambapo treni ilisimama siku mbili bila sababu, na yule mtu hakukumbuka jina la mahali hapo. Baba yangu alitoka nje akakaa kwenye ule ukuta. Nilitamani anipige, lakini angenipigia nini, wakati hakujua kitu? Habari za Ngalula mwenyewe sikuzisikia tena.

Nimekuwa mtu mzima, na nimejitetea mara nyingi mbele yangu mwenyewe. Palikuwa na homa, najiambia. Palikuwa na maji machafu, watoto wengi walikufa, hata wenye mifuko mitano. Huenda. Sikuzifukuza familia zile mimi, na waliozifukuza wanalala vizuri. Lakini Papa Kasereka alikuja na mifuko miwili, na iliyowafikia ilikuwa nusu, na katikati yake hapakuwa na mwanasiasa, palikuwa na mimi. Utotoni nilidhani uongo unadhuru kwa sababu Mungu anakasirika. Sikujua kwamba mtu anaweza kukuamini tu, akakushukuru, akaenda zake, na kule anakokwenda mtoto anakosa uji.

Kaye iko hapa, jalada limekuwa na rangi ya majivu. Binti yangu aliipindua kurasa, akacheka kwa ajili ya chura, akacheka kwa ajili ya biskuti, kisha akafika mwisho. "Mama, huyu Solange njo weye?"

Nikamwomba akae, maana lazima awepo mtu wa kusikia. Kalamu ya Ngalula ilikauka zamani, nikatumia nyekundu ya shule ya binti yangu. Nikasoma kwa sauti lile neno, "Yeye hasemaka bongo," nikalipiga mstari mwekundu. Kisha nikaandika chini yake: "Solange. Mubaya: aliulizwa kama mashine iko muzima, akasema bongo."

Binti yangu akauliza, "Na muzuri yake?"

Nikamwambia upande huo si wangu kuuandika, ni wa Ngalula. Nikafunga kaye.