Johari na Ghala la Sauti

Damari alirudi kutoka Iguguno akiwa na vumbi hadi kwenye kope, na hata maji hakunywa kabla ya kuchomeka kinasa sauti chake kwenye kompyuta ya studio. Alikuwa ametoka kumrekodi Bi Yustina, kikongwe mkali anayezijua nyimbo za kupura uwele ambazo wenzake wote walishazikwa nazo. Haikuwa kazi rahisi. Safari ya kwanza bibi alimkatalia akisema anaumwa meno, na meno yenyewe hana. Safari ya pili alisema redio ni ya watu wavivu. Safari hii, bila hata kubembelezwa, alikaa juu ya kinu kilicholazwa ubavu, akaimba mpaka majirani wakaacha kazi zao wakasogea uani.

Sasa kompyuta ilikuwa inamjibu Damari kwa maneno mawili: ghala limejaa. Akajaribu tena. Ghala limejaa.

"Dada Johari," aliita kuelekea chumba cha mitambo, "hii kitu inakataa sauti ya bibi!"

Johari alitoka akijifuta mikono kwenye kanga. Hakujibu kwa mbali, maana hakuweza. Alisogea mpaka karibu na sikio la Damari, akasema kwa ile sauti yake nyembamba, yenye mkwaruzo kama jani kavu linaloburutwa sakafuni: "Usifute kwenye kinasa. Kiache hivyo hivyo."

Mtu mgeni pale Redio Alizeti asingedhani kwamba mwanamke yule aliwahi kuwa sauti inayojulikana kuliko zote mkoani. Johari binti Mselemu alizaliwa hapo hapo mtaa wa Utemini. Babu yake mzaa baba alifika Singida kutoka pwani akifuata biashara ya nguo, akaoa Mnyaturu, akasahau njia ya kurudi. Johari alikulia dukani, akajifunza kuzungumza na kila mtu, na redio ilipoanzishwa alikuwa wa kwanza kupewa kipindi cha asubuhi. Kwa miaka watu walichemshia chai sauti yake. Mama yake Damari, kule Iguguno, hakuwa akienda shamba mpaka Johari aage.

Kisha rovu likaota shingoni. Madaktari walimweleza mapema, bila kumficha, kwamba tezi limekumbatia mshipa wa sauti, na kwamba kulitoa kuna hatari na kuliacha kuna hatari kubwa zaidi. Akapasuliwa. Alipoamka alifungua kinywa kumshukuru muuguzi, ikatoka pumzi tupu. Baada ya miezi mingi pumzi ile ilikuja kuwa mnong'ono, na mnong'ono ukaishia hapo.

Watu walimsubiri arudi nyumbani apumzike. Yeye alirudi redioni. Alimwendea meneja, mzee Antipasi, akamwandikia kwenye simu yake kwamba chumba cha mitambo hakina mtu, na kwamba kule ndani hakuna anayehitaji kupaza sauti. Antipasi alimwonea huruma, akamruhusu, akidhani atachoka mwenyewe. Hakuchoka. Alisoma usiku na mchana, akauliza mafundi wa Dodoma waliouza mitambo mpaka wakamzoea, akakosea, akarekebisha. Kipindi chake cha asubuhi alipewa Damari, binti aliyekuwa ametoka chuoni juzi tu. Damari alikuwa akimwogopa, kama mtu aliyevaa nguo ya mwenzake mbele ya macho yake. Johari ndiye aliyemwondolea hofu ile: kila asubuhi alimwachia kikombe cha maji ya uvuguvugu kando ya maikrofoni, bila maneno.

Siku hiyo Antipasi alipoambiwa ghala limejaa, jibu lake lilikuwa fupi. "Futeni za zamani. Nani anasikiliza mahojiano ya miaka hiyo?"

"Mimi nasikiliza," alisema Johari. Kisha akamwonyesha kwenye skrini. Ndani ya lile sanduku jeusi la mitambo, alisema, kuna kompyuta tatu ambazo huwezi kuzishika kwa mkono: moja ya matangazo, moja ya ofisi, na moja ya ghala la sauti. Mafundi huziita mashine pepe. Zote zinakaa kwenye mwili mmoja, kama wapangaji wa nyumba moja. Sanduku lenyewe bado lina nafasi tele. Ila mwanzoni kabisa mashine ya ghala ilikatiwa kachumba kadogo, wakati hakuna aliyejua redio itarekodi watu wengi kiasi hiki. "Hatufuti. Tunapanua."

"Basi panua," alisema Antipasi.

Ingekuwa rahisi hivyo, hadithi ingeishia hapo. Johari alitoa amri ya kuongeza diski, mashine ikakataa. Alichunguza mpaka akajua sababu. Waliofunga mitambo zamani walikuwa wamehifadhi nakala ya hali ya mashine ilivyokuwa siku ile, kama picha ya akiba, ili mambo yakiharibika waweze kuirudia. Kisha wakaondoka wakaisahau. Tangu siku ile kila sauti mpya ilikuwa inaandikwa juu ya picha ile, tabaka juu ya tabaka, na diski yenye picha haikubali kupanuliwa. Ilibidi matabaka yaunganishwe kwanza yawe kitu kimoja. Na wakati wa kuunganisha, umeme ukikatika vibaya, kila kitu kinaweza kwenda na maji.

Umeme wa Singida mnaujua.

Kwa hiyo Johari aligoma kugusa chochote mpaka sauti zote zipate nakala mahali pengine. Diski za nje redio haikuwa nazo. Walizowahi kuwa nazo zilikufa kwa vumbi. Aliandika ujumbe kwenye kundi la simu la wafanyakazi: Jumamosi kila mwenye kompyuta aje nayo. Walikuja. Mhasibu alileta ya kwake, mwandishi wa michezo akaleta ya mkewe, na hata Abdulmajidi mwenye duka la jirani, anayepiga chapa na kutoa fotokopi, akabeba kompyuta yake nzima mikononi, waya zikining'inia. "Marehemu baba yangu yumo humo," alisema. "Alihojiwa habari za kisima cha zamani. Mkimpoteza nitawadai."

Wakagawana sauti. Huyu alipewa wakunga, huyu wafugaji wa Mitundu, huyu nyimbo za harusi, huyu wazee wa reli. Damari alisimamia, akipita folda moja moja kuhakikisha hakuna inayorukwa. Ndipo alipotafuta kipindi cha asubuhi cha enzi za Johari. Alitaka kukichukua yeye mwenyewe, akiweke kwenye kompyuta yake, amsikilizishe mama. Hakikuwepo. Alitafuta kwa jina, akatafuta kwa mwaka. Hakukuwa na hata salamu moja.

Alimfuata Johari chumba cha mitambo. "Dada, vipindi vyako sivioni."

"Havipo."

"Vilikwenda wapi?"

Johari alikuwa akikaza waya nyuma ya sanduku. Alijibu bila kugeuka. "Ule mwaka wa mvua kubwa, nilipokuwa bado mgeni humu ndani, mashine ilijaa kama hivi. Bibi mmoja wa Mitundu alikuwa amesharekodiwa, na tuliambiwa hatafika wiki ijayo. Wakati ule sikujua kama nafasi inaweza kuongezwa. Nikatazama kipi kinaweza kutoka."

"Ukafuta vya kwako? Vyote?"

"Mimi nilishasema yangu, watu walishasikia. Yule bibi alikuwa hajasikika."

Damari alitaka kusema kitu kuhusu mama yake, kuhusu jembe lililokuwa likisubiri mlangoni asubuhi zote zile. Kilichomtoka ni: "Lakini sauti yenyewe hairudi!"

"Hairudi," Johari alikubali. Akamtazama sasa, usoni, bila kujionea huruma. "Niliumia, mdogo wangu. Nisikudanganye. Nililia humu humu ndani. Halafu nikafuta uso, nikaanza kujifunza hizi mashine, ili siku nyingine mtu asilazimike kuchagua. Haya, nenda kaangalie wafugaji kama wamekamilika."

Nakala zilipokamilika, Johari alimwagiza Innocent, dereva wa redio, awashe jenereta na kulihamishia sanduku kwenye umeme wake kabla ya kuanza, wala asisubiri umeme ukatike. Kisha akatoa amri ya kuunganisha matabaka.

Mstari kwenye skrini ulitembea vizuri, halafu ukasimama. Ulisimama muda mrefu kiasi kwamba mhasibu alikwenda kununua mihogo ya kukaanga akarudi, ukiwa pale pale. Antipasi akaanza kuzunguka chumbani.

"Imekufa hii. Zima, washa upya."

Akanyoosha mkono kuelekea kwenye kipanya. Johari alikifunika kwa kiganja chake, taratibu, kama mtu anayefunika chakula kisiingie nzi. Kwa mkono wa pili akamwonyesha kitaa kidogo cha kijani mbele ya sanduku, kilichokuwa kikipepesa bila kupumzika.

"Haijafa, mzee. Inafanya kazi. Tukiizima sasa ndipo tutakapoiua."

Antipasi alikitazama kile kitaa, akamtazama Johari, akavuta kiti akakaa. Hapo ndipo mashine ya kusaga ya mtaa wa pili ilipozimika ghafla, na feni ya dirishani ikaanza kupunguza mwendo. Umeme ulikuwa umekatika. Kila mtu chumbani aligeukia sanduku. Jenereta iliendelea kunguruma nje, Innocent akiwa ameketi kando yake kama mlinzi wa benki, na kitaa cha kijani kikaendelea kupepesa. Antipasi alijifuta jasho, akabaki kitini mpaka mstari ulipofika mwisho.

Sasa diski ikakubali kupanuliwa. Watu walishangilia. Lakini Johari alipoifungua mashine ya ghala, yenyewe ilikuwa bado inaona kachumba kake kale kale, kamejaa pomoni.

"Mpigieni simu Christopher," alisema.

Christopher ni fundi wa Dodoma, kijana mwenye subira. Kwa kuwa simu haiushiki vizuri mnong'ono wa Johari, Damari aliketi katikati: Johari ananong'ona, Damari anapaza, Christopher anajibu kwenye spika.

"Mwambie," alinong'ona Johari, "ni kama serikali ya kijiji imeniongezea shamba, lakini kati ya shamba langu na lile jipya kuna kipande cha mtu mwingine."

Christopher alicheka kwa kuelewa. Kipande kile kilikuwa sehemu ya akiba, ambayo mashine huitumia kumbukumbu yake ikilemewa. Akashauri njia nyepesi: waongeze diski nyingine ya pembeni, wawe na ghala la pili, yaishe.

Johari aliwaza. "Ni njia nzuri. Lakini watangazaji watakuwa wanatafuta sauti huku na kule, na siku moja mtu atasema haipo wakati ipo. Muulize, kipande cha akiba kinaweza kuhamishwa?"

"Kinaweza," alijibu Christopher. "Mnakiondoa, mnasogeza mpaka, halafu mnakitengeneza upya mwishoni. Ila dada, mahali shamba linapoanzia lazima pabaki pale pale. Mkikosea tarakimu moja, mashine haitakuta kitu. Damari, nisomee tarakimu za pale shamba linapoanzia."

Damari alisoma haraka. Johari akagonga meza kwa kidole.

"Umeruka tarakimu."

Damari alitazama tena. Kweli.

"Msomee," alinong'ona Johari karibu kabisa na sikio lake, "kama unavyosoma matangazo ya vifo. Pale mtu hakosei jina, kwa sababu kuna nyumba inasikiliza."

Damari alivuta pumzi, akasoma upya, tarakimu moja baada ya nyingine, kwa sauti ya studio. Christopher akazirudia. Johari akaziandika kwenye mashine, akazilinganisha, akamtaka Damari asome tena wakati yeye akifuatisha kwa kidole. Kisha akasema bismillah, akabonyeza.

Mashine ilizimika ikawaka. Johari alitoa amri ya mwisho, ile ya kuliambia ghala lijaze nafasi iliyopo. Skrini ilitulia kidogo, halafu tarakimu zikabadilika. Lile ghala lililokuwa limejaa pomoni sasa lilikuwa na nafasi kubwa kuliko kila kitu kilichokuwamo.

Damari alikuwa wa kwanza kupiga vigelegele. Abdulmajidi alitaka baba yake afunguliwe pale pale, kwa uhakika, na mzee akafunguka akieleza mambo ya kisima kwa kirefu, kama enzi za uhai wake. Abdulmajidi alisikiliza akiwa amesimama, kofia mkononi. Antipasi alimwendea Johari, akamwambia, "Ahsante, mwanangu. Ningetuharibia." Johari aliitikia kwa kichwa, akaenda kumwambia Innocent azime jenereta.

Nyimbo za Bi Yustina zilirushwa wiki ile ile. Bibi alipiga simu kwa simu ya mjukuu wake, mkali kama kawaida, akalalamika kwamba kikohozi chake hakikuondolewa, kisha akauliza zitarudiwa lini.

Haukupita muda mrefu, watu wa redio moja ya Manyoni wakapata habari. Ghala lao nalo limejaa, wakasema, na wameshaanza kuchagua cha kufuta. Damari alikimbilia chumba cha mitambo na simu mkononi.

"Dada, ni Manyoni. Nikae nikutafsirie?"

Johari alikuwa ametandika mswala wake kwenye kona, anajiandaa kwa swala ya alasiri. Alitabasamu.

"Unajua kila kitu nilichomwambia Christopher. Kilipita kinywani mwako," alisema. "Waambie kwanza wasifute. Kisha waulize kama kuna picha ya zamani iliyosahauliwa."

Damari alitoka barazani, akaiweka simu sikioni. "Msifute chochote," alianza.