Musalaba kwa picha zote

Leo nimemuwekea Mama Dezire musalaba kichwani, na mwenyewe amekaa musitari wa mbele.

Musinicheke kwanza. Musome.

Tulikuwa mutaani Ngagara, tunamaliza matanga ya bwana yake, muzee jirani yetu. Mi ndiye niliombwa kutayarisha picha za familia kwa kompyuta, zipite ukutani watu wakila.

Jana nilikuwa naingiza moja moja. Tafuta, fungua, punguza, tena tafuta. Asubuhi nzima, picha kumi na tisa!

Mwenzangu wa kazini akanionea huruma: "We, ingia kwa albamu, chagua zote, bonyeza mara moja."

Dakika mbili, zote ndani. Kwa furaha nikaongeza musalaba mudogo juu pembeni, alama ya marehemu. Huo nao unauweka mara moja tu, unajirudia kwa zote.

Kwa zote, wandugu.

Leo ukutani, muzee na musalaba, sawa. Halafu Mama Dezire akatokea na gauni ya arusi. Na musalaba.

Nilitamani ardhi inimeze.

Yeye akasimama na sahani yake: "Eh! Mi niko hapa, nakula!"

Watu wakacheka mpaka machozi.

Picha iliyofuata ilikuwa ya Dezire, mutoto wake wa kwanza, aliyetoka nyumbani vita ilipoanza na hajasikika tena.

Hakuna aliyecheka.

Mama Dezire akanishika mukono, polepole: "Na huyu pia, utoe."

Nikautoa palepale, watu wote wakingoja.

Nyinyi mulio Kigoma, Uvira, Ulaya, picha yake naiweka hapa chini. Muangalie vizuri. Haina musalaba.