Chungu Cheupe Kutoka Kobe

Nilikwenda Japani kama mpishi wa mmisionari, nikarudi fundi wa redio mwenye diploma. Nasema hivyo mwanzoni kwa sababu wapo watu mjini hapa wanaodai nilibebwa. Mmisionari alipohamishwa kutoka Katanga kwenda Kobe, alituchukua mimi na mke wangu tumpikie na kumfulia, basi. Shule ya jioni niliitafuta mwenyewe. Kijapani nilikiokota sokoni kwa wauza samaki. Siku ya mtihani nilikuwa Mwafrika pekee chumbani, na matokeo yalipobandikwa jina langu lilikuwa la tatu.

Tulikaa kule miaka minne. Theluji ya kwanza mke wangu aliikusanya katika sufuria ili anionyeshe nikirudi kutoka kazini. Nikakuta maji, na yeye ameketi kando yake amenuna. Mwaka wa pili tukapata binti. Wanawake wa mtaa walipanga foleni kumshika nywele, nami nilitembea naye barabarani kama mtu aliyepewa nishani. Katika baridi yake ya pili alishikwa na kifua. Aliugua siku tano.

Kule maiti huchomwa. Mmisionari alisema angeweza kutuombea nafasi katika makaburi ya wageni, juu mlimani, lakini mke wangu alikataa kumwacha mtoto peke yake katika nchi tutakayoihama. "Achomwe," akasema, "kama utaniahidi tutamzika kwetu, mama yako amlilie." Niliahidi.

Mwenye nyumba wetu, mjane, alitufundisha la kufanya baada ya moto. Watu wawili hushika mfupa mmoja kwa pamoja, kila mmoja na vijiti vyake vya kulia, na kuutia katika chungu cha mifupa. Huanza na miguu na kumaliza na kichwa, ili marehemu asikae kichwa chini. Mimi vijiti nilivijua kuliko baadhi ya Wajapani. Mke wangu alikuwa bado anadondosha hata wali. Siku ile hakudondosha kitu.

Tulirudi Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, miezi michache baada ya Katanga kujitenga, tukapanga nyumba mtaa wa Katuba pamoja na mama yangu. Mama alizaliwa Kasai, na kwao mtu anayechomwa akishakufa ni mchawi, ili asirudi. Kwa hiyo katika barua nilikuwa nimemwandikia kwamba mjukuu wake amezikwa vizuri. Nikamwomba mke wangu asubiri nipate maneno ya kumweleza. Akasubiri.

Wageni walijaa nyumbani. Diploma ilikuwa ukutani, redio niliyoiunda mwenyewe ilikuwa mezani, na kile chungu chetu, cha kauri, cheupe, chenye kifuniko, kilikuwa kabatini nyuma ya kioo. Jumapili moja jirani yetu alikinyooshea kidole.

"Docteur ya ma-radio, ile ya kuweka sukari, ulitoka nayo ku Japon?"

"Ile ni zawadi ya professeur wangu," nikasema.

"Njo maana. Siku hizi unakunywaka chai sawa muzungu."

Wote wakacheka, nami nikacheka. Mke wangu alikuwa amesimama na sinia ya vikombe. Aliiweka mezani taratibu, akaenda jikoni. Siku ya tatu akasema, "Baba, unamufanya mutoto wangu sukari." Nilimjibu kwamba hali ya nchi haifai kwa matanga. Hilo lilikuwa kweli, ila sikulisema kwa sababu ni kweli.

Mwaka uliofuata watu wenye asili ya Kasai walianza kuvunjiwa milango, wakiitwa wasaliti wa Katanga. Zamu ya mtaa wetu ilipofika, tulikimbilia kwenye kambi iliyolindwa na askari wa kigeni wenye kofia za buluu. Mama alibeba sufuria na unga. Mimi nilibeba diploma na sanduku la vifaa vyangu. Mke wangu alikifunga chungu mgongoni kwa kitenge.

Tulipopata nafasi ya kujenga kibanda cha magunia, mama akamgeukia mke wangu.

"We mwana, unaacha mablanketi, unabeba ya sukari. Iko sukari mule hata?"

Mke wangu akafungua kitenge, akakiweka chungu magotini kwa mama. "Mama, iko mujukuu wako." Akamweleza yote, mlima, vijiti, ahadi yangu. Mama hakukitazama chungu. Alinitazama mimi.

"Balimuchoma na moto?"

"Ndiyo, mama."

"Na weye unamuweka mu kabati, bantu banamuchekelea."

Nikaanza kumweleza kwamba ni sheria za kule, kwamba hata watu wenye elimu kubwa huchomwa. "Mi siulize juu ya bale bantu," akasema. Akavua kitambaa cha kichwa, akatandika mkeka, akakikumbatia chungu na kuanza kulia ule wimbo wa kulilia watoto wachanga. Wanawake wa vibanda vya jirani wakaja bila kuitwa, wakaketi. Mke wangu akajilaza katikati yao. Kwa mara ya kwanza tangu Kobe nilimsikia akilia kwa sauti.

Wanaume walipoanza kuchimba kaburi karibu na uzio, nilinyoosha mkono nipewe jembe.

"Wacha," mama akasema kutoka mkekani. "Batachimba bengine."

Nikaenda kukaa na wazee waliokuwa kwenye moto, nyuma ya kibanda chetu. Hawakunijua.

"Nani alikufa?" mmoja akauliza.

"Mutoto wangu."

Wakasogea, wakanipa nafasi kwenye gogo. "Pole, baba. Alikuwa na miaka ngapi?"

Mitihani yote niliyoifanya, sikuwahi kukosa jibu namna ile. Nilijua mwaka aliozaliwa, nilijua baridi aliyokufa, na bado nilikaa mdomo wazi nikihesabu. Ukuta ulikuwa wa magunia tu.

"Mwaka moya na miezi ine," mke wangu akasema kutoka upande wa pili.

Wazee wakaitikia kwa vichwa. Hawakuniuliza tena.