Sauti ya Marehemu Kwenye Video

Wiki mbili zilizopita nilikuwa Mlandege, kwenye stesheneri, nasubiri kuchapishiwa barua, alipoingia mama mmoja wa makamo ameshika simu kwa mikono miwili. Alikaribishwa kiti, hakukaa. Alimweleza dada wa kaunta kwamba video yake imeondolewa mtandaoni. Kuna msanii anadai wimbo uliomo ni wake.

"Humo anaimba marehemu mama yangu, tunapalilia mahindi," alisema. "Simu niliyomrekodia iliibwa. Sauti yake imebaki humo tu."

Dada alifungua fomu ya kupinga, akamsomea: "Je, wewe ndiye mwenye haki ya wimbo huu?"

Mama akaenda mlangoni, akarudi, akaenda tena.

"Nijaze ndiyo, mama, yaishe," dada akamwambia.

"Siwezi kudanganya, mwanangu. Wimbo sio wangu. Mama aliupata kwa bibi, bibi kaupata kwa wenzake shambani. Na huyo msanii naye kaukuta."

"Sasa niandike nini?"

"Andika hivyo hivyo."

Dada akaandika neno kwa neno, akatuma. Mama aliondoka huku anaangalia simu kila hatua, kana kwamba jibu lingemkuta barabarani.

Juzi nilipita tena. Dada akaniambia video imerudishwa, na mama alikuja akaisikiliza pale kaunta mara tatu.

Mimi, nakiri, ningejaza ndiyo upesi. Nadhani hata yule msanii alifanya hivyo.