Tangi Lililosafishwa Kama Kibuyu

Dereva wa lori la kahawa ameniletea habari kutoka Tunduma: fundi wangu wa zamani, yule aliyekuwa akiziba taa, sufuria na matangi karibu na mpaka, amefariki na kuzikwa juma lililopita. Nimesikitika, tena sana. Lakini nitakuwa mnafiki nikiwaambieni kwamba kilichonijia kwanza kilikuwa chozi. Lilikuwa swali, lile aliloulizwa siku moja na mama mkwe wake kupitia ukuta wa udongo.

Wakati huo, kabla sijaanza kuwachosha kwa safu hii, nilikuwa dresa wa zahanati ya misheni, nikipeleka dawa kwa pikipiki hadi milima ya Ileje. Pikipiki ilikuwa imeachwa nje masika mazima, na tangi lake likaliwa na kutu kwa ndani mpaka likavuja kwa vitundu vidogo kama vya sindano. Ukilehemu hapa, linavuja pale. Padri akasema likivuja tena pikipiki itauzwa, nami nitarudi kutembea kwa miguu. Kwangu hiyo ilikuwa kero tu; kwa wagonjwa wa Itumba ilimaanisha kuiona dawa mara moja kwa mwezi badala ya kila juma.

Fundi alilinusa tangi, akachungulia mdomoni mwake kwa jicho moja, akasema, "Dresa, hili haliponi kwa nje. Linataka kupakwa ndani. Sasa mkono utapitaje hapa?" Nikamjibu kwamba hilo ni swali la fundi, si la dresa. Akacheka. "Basi nitamuuliza anayejua vyombo vyenye mdomo mwembamba." Aliyejua alikuwa mama mkwe wake, ambaye vibuyu vyake vilisifika hadi ng'ambo ya mpaka. Tatizo ni kwamba kwa desturi yao mwanamume hatazamani wala hasemezani na mama wa mkewe. Basi fundi akakaa nje, mgongo ukutani. Mama mkwe akakaa ndani. Na mke wa fundi akasimama mlangoni kupeleka maneno huku na huku, ingawa kila mmoja alikuwa amekwisha kumsikia mwenzake vizuri. Nilikuwapo. Sijaona tena shule ya ufundi ya namna ile.

"Mwambie atie kokoto na maji, atikise mpaka maji yatoke safi," sauti ilisema. "Akaushe juani. Kisha atie nta ya moto, kidogo tu, azungushe polepole kila upande. Inayobaki aimwage, isitulie chini." Watu wa sokoni walimcheka fundi alipotikisa tangi kama mwanamke mwenye kibuyu. Hakuwajali. Tangi halikuvuja hata tone, nami nikamsifu kila nilikopita.

Siku ya pili, nikipanda mlima kuelekea Itumba na vidonge vya mtoto mwenye homa ya mapafu, pikipiki ilikohoa ikazima. Petroli ilikuwa imeiyeyusha nta, na nta ikaziba kabureta. Nikatembea kutwa nzima. Mtoto nilimkuta hai, lakini kidogo tu nimkose, na niliporudi nilimwambia fundi maneno ambayo leo nayaonea aibu. Hakujitetea. Alirudi kwenye ukuta wa mkwewe, akaeleza kosa lote, na habari ya mtoto pia. Kutoka ndani sauti ikamwambia binti: "Muulize, hicho kinywaji cha chombo chake kinakula nini, na kinaacha nini? Mimi nilimfundisha chombo cha maji."

Kesho yake nilimkuta amepanga vikombe vya bati kivulini, kila kimoja kina petroli na kitu ndani yake: nta, lami, utomvu wa miti mbalimbali. "Hiki kimeliwa. Na hiki kimeliwa," alinionyesha, akifurahi kama aliyeshinda. Baada ya siku tatu kilichosalia salama kilikuwa kipande cha bati kilichopakwa vanishi ya seremala, ile ya vigamba vya rangi ya asali vinavyoyeyushwa kwa spiriti. Akalisafisha tangi upya, akaipaka vanishi ndani kwa mzunguko uleule wa mkwewe, ikakauka, akarudia. Pikipiki ile ilipanda milima mpaka nilipoacha kazi.

Nimeyafikiri haya mara nyingi. Kila mwezi lori hutuletea kitu kipya. Tunakitengeneza kwa ujuzi wa jana, na kikitukatalia tunasema wazee hawakujua kitu. Walijua. Mkono wa yule mama haukukosea. Kilichobadilika ni kinywaji. Fundi wangu aliutunza mkono, akakichunguza kinywaji, wala hakuona haya kuuliza mara ya pili mahali palepale alipokosea mara ya kwanza. Mimi nisingeweza.

Dereva aliniambia jambo moja zaidi. Kabla jeneza halijafungwa, mama mkwe, sasa kikongwe, aliomba aongozwe ndani. Wazee wakaguna kwamba si desturi. Akawajibu, "Miaka yote hii nimemfundisha, na uso wake siujui." Wakampisha. Akamtazama kwa muda mrefu, halafu akamgeukia binti yake. "Kumbe ndiye huyu?"

Msomaji wangu, kama nawe unaye mtu anayekufundisha kutoka nyuma ya ukuta, mpelekee salamu leo, angali anasikia.