Wewe Hukunisumbua

Mdogo wangu ana miaka sita na haongei sana. Mwalimu wake alimwambia mama ampeleke Nyeri mjini apimwe, waone anavyoelewa mambo, anavyoongea na anavyocheza. Mama akaelewa kwamba ni mtihani. Kwetu Kiganjo mtoto haendi kuulizwa maswali na mgeni bila kufunzwa majibu, hata kuingia shule ya nasari tulifunzwa. Kwa hivyo likizo yangu iliishia kwa kumfunza. Hii ni rangi gani? Ng'ombe hutupa nini?

Alinunuliwa viatu vipya. Vyangu vya shule vilipakwa gundi. Mimi si mtu wa kusema.

Mwanamke aliyempima alikuwa na meza fupi na vipande vya mbao vya rangi. Kabla aulize lolote, mdogo wangu alisimama wima kama askari. "Nyekundu. Maziwa. Nane. Tunaishi Kiganjo. Asante mwalimu." Halafu akachukua zile mbao akaenda kuzipanga dirishani.

Yule mwanamke alicheka mpaka akavua miwani. "Ni nani amemfunza?"

Mama akanionyesha kwa kidevu. "Ni huyu dada yake."

"Umejaribu, msichana. Lakini hapa hakuna kupita wala kuanguka. Wacha acheze, mimi niongee na mama."

Akamuuliza mama mtoto alikaa lini, alitembea lini, neno la kwanza lilikuwa gani. Mama yangu husahau hata siku ya kufunga shule yetu, lakini siku hiyo alijua yote. "Alitembea tukivuna maharagwe. Alishikilia gunia, akaachilia, akaenda, akaangukia ndani ya karai." Neno la kwanza lilikuwa "taa", na stima zilikuwa zimepotea, nyumba ni giza. Alisimulia kwa mikono, akicheka, na mara moja akapangusa jicho kwa leso.

Nilikuwa nimekalia kiti cha watoto, magoti karibu na kidevu. Nilimwonea mdogo wangu wivu mpaka masikio yakawa moto. Si kwa sababu ya viatu. Mtu alikuwa ameuliza habari zake, na majibu yalikuwa tayari bila mtu yeyote kuyafunza.

Tulipotoka tuliingia hoteli ndogo kunywa chai. Mdogo wangu alikuwa anazungusha kifuniko cha sukari. Nikauliza nikiangalia kikombe changu.

"Mami, na mimi nilitembea lini?"

"Wewe?" Akapuliza chai. "Wewe ulitembea tu."

"Na neno la kwanza?"

"Ai! Kwani umeanza kuongea?" Akacheka, akanigonga bega. "Wewe hukunisumbua."

Alisema hivyo kama mtu anayenipa zawadi. Nilirudisha mandazi kwenye sahani. Miaka yote nimekuwa nikijitahidi nisimsumbue. Nachota maji kabla niambiwe, nafua sare yangu, naleta ripoti nzuri naweka juu ya kabati. Nilidhani kuna mahali kichwani mwake anayaweka haya yote. Na huyu mdogo wangu, anayekataa kuvaa soksi na anayelia kuku akichinjwa, huyo ndiye amejaa humo ndani.

Jioni tulikuwa tunamenya viazi jikoni, mimi na mama. Sikuwa nimemuuliza tena.

"Nimekumbuka," akasema. "Ulitembea tukivuna maharagwe. Ukashikilia gunia, ukaachilia, ukaangukia ndani ya karai."

Nilijua hadithi hiyo ni ya nani. Nilitaka kumwambia, ati mami, hata hiyo unampora mtoto? Lakini alikuwa ameshika kisu bila kumenya, ananiangalia vile mdogo wangu huniangalia akishasema "nyekundu", kuona kama amepata.

"Nililia?" nikauliza.

Hilo hakuwa ameulizwa Nyeri. Akafikiria.

"Ulilia! Woi, ulilia mpaka mama jirani akaacha ng'ombe akiwa amekamua nusu, akaja mbio na mkebe mkononi. Alidhani umeungua. Ulinisumbua siku hiyo, wewe."

"Kweli, mami?"

"Sasa nikudanganye nipate nini? Menya waru."

Katika hadithi ya mdogo wangu hakukuwa na jirani wala ng'ombe wala mkebe. Sijui kama ni kweli. Tukirudi tena Nyeri kwa yule mwanamke, kama mama atamtaja huyo jirani akisimulia mambo ya mdogo wangu, nitaongea. Nitasema mbele ya wote kwamba hiyo ni yangu.